Lalamiko Kuhusu Supu Katika Kabati la Bakteria

Mheshimiwa Mkuu wa Idara,

Pokea salamu na heshima zangu. Nakuandikia kwa niaba ya bakteria wangu, ambao hawana mikono ya kushika kalamu wala, nakiri, malalamiko ninayoweza kuyathibitisha.

Kama ujuavyo, ninafuga bakteria wapendao joto na walao mafuta ghafi, ili siku moja wasafishe bahari. Wanaishi katika kabati la joto, nyuzi sitini, kila kundi na chupa yake ya mafuta. Wasipoonyesha hamu ya kula kabla ya ukaguzi wa Ijumaa, maabara yetu itageuzwa stoo ya viti vibovu. Hata hivyo:

1. Mhasibu, ambaye sote twamwita Mjomba, hupasha supu yake humo kabatini. Nilipomsihi aache, alinijibu, "Mwanangu, wageni wako wanakunywa mafuta machafu, supu yangu itawakera nini?" Nililitafakari swali hilo siku nzima. Supu ikaendelea kupashwa.

2. Katibu muhtasi hukaushia humo soksi za mapacha wake. Sina hakika kwamba soksi hudhuru sayansi. Nina hakika kwamba sayansi imeanza kunuka soksi.

3. Juzi Mjomba alimwaga supu, nyingine ikaingia katika chupa ya tatu, akapangusa rafu kwa tai yake, akaniambia nisiwe na wasiwasi kwani haikuwa na pilipili.

Bakteria wakizoea supu, watayadharau mafuta. Wakiyadharau, siku meli itakapoyamwaga baharini tutalazimika kuwafuata na sufuria, tukiwabembeleza kwa kijiko kama watoto waliodeka. Huenda nimetia chumvi. Lakini ni nani atakayethubutu kusubiri aone?

Kwa hiyo naomba kabati lifungwe kwa kufuli na Mjomba anunuliwe jiko. Vinginevyo, bakteria wapewe kiti katika kikao cha wafanyakazi, wajitetee wenyewe.

Nisalimie wote hapo ofisini, Mjomba akiwemo, na mapacha wenye miguu mikavu.

Wako mtiifu, katika joto,
Mtafiti wa Chumba cha Mwisho

Tanbihi: Nilikwisha kufunga bahasha nilipokwenda kukagua chupa. Zote bado ni nyeusi tii, isipokuwa ile ya tatu: mafuta yake yamekaribia kwisha. Yaelekea mafuta matupu yaliwaacha na njaa ya kitu kingine, na kitu hicho kimo katika supu. Tafadhali usinunue kufuli wala jiko. Mwombe Mjomba alete supu ileile, ya mpishi yuleyule, kabla ya Ijumaa. Soksi nazo zisiondolewe kwanza. Sijathibitisha kwamba hazikuchangia.