Lori Halijishushii Mzigo Lenyewe

Kwa Daktari Mkuu wa Upasuaji,
Ghorofa ya Pili (niliyoifikia kwa lifti).

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini mikono yako ni mizima, maana ndiyo ninayoitegemea. Mimi ni yule mgonjwa wako wa kilo mia moja hamsini na nane, mwenye kisukari, presha na moyo unaofanya kazi kwa manung'uniko, niliyekuja kuomba upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Nilikuja kwa sababu moja tu. Chumba chetu cha kulala kiko juu, ngazi ni kumi na saba, na huu ni mwaka wa pili nalala kwenye kochi la sebuleni kama mgeni aliyesahau kwao. Nataka kurudi chumbani kwangu kabla sijapelekwa kwingine. Badala ya tarehe, umenipa masharti. Nayalalamikia kama ifuatavyo:

1. Faili langu limebandikwa karatasi nyekundu yenye neno HATARI. Nimepima malori kwenye mizani ya barabara kuu kwa miaka ishirini na tisa, na neno hilo nimelizoea kwenye matangi ya petroli. Tangu libandikwe, wauguzi hunipisha koridoni, na mmoja alizima simu yake nilipokaribia.

2. Umeniagiza nipunguze kilo kumi na nne ndipo unipasue nipunguze kilo. Daktari, kama ningekuwa na ujuzi huo, tungefahamiana kwa njia gani? Mtu haambiwi anyoe kwanza ndipo aende kwa kinyozi. Unasema ini langu limenenepa na litaziba njia ya visu vyako. Sikatai, lakini halikunenepa kwa siri.

3. Kwenye mizani yangu, lori lililozidisha uzito lilizuiwa kabla ya daraja, naam, lakini halikujishushia mzigo lenyewe. Walikuwapo wapagazi. Wangu wako wapi? Nimepewa mtaalamu wa lishe, binti mpole mwenye umbo la kalamu, aliyenikabidhi sahani ya ukubwa wa kiganja. Isitoshe, lori lilisamehewa asilimia tano kwa ajili ya tope la magurudumu. Naomba asilimia zangu tano.

4. Daktari wa nusu kaputi amegundua kwamba pumzi yangu hukatika usingizini, akaniamuru nilale na mashine ya kunipuliza hewa puani. Mke wangu aliposhuka asubuhi alinitazama, akasema, "Mume wangu, ndege yetu inaondoka saa ngapi?" Sikuoa ili nichekwe kabla ya chai. Ni kweli kwamba tangu hapo sisinzii tena mchana, lakini hilo si hoja.

5. Nimepewa pia chombo cha plastiki chenye vipira vitatu, nivipandishe kwa kuvuta pumzi ili mapafu yajiandae. Mimi hupandisha kimoja na nusu. Mke wangu hupandisha vyote vitatu huku akikoroga sufuria, kisha huniambia, "Pole, baba. Labda chako ni kibovu." Chombo ni kimoja.

6. Hapa naanza kushuku njama. Tangu uzungumze na mke wangu faraghani, amehamishia juu redio yangu, miwani yangu ya kusomea na bahasha zote. Nikiuliza, hujibu, "Viko juu, na miguu unayo." Barua hii nimeiandika bila miwani. Ukiona mistari inapanda, ujue ndicho kitu pekee changu kinachopanda katika nyumba hii.

Kwa hiyo naomba masharti yote yafutwe, tarehe itolewe wiki hii, na mizani yenu ikaguliwe, kwa kuwa sikuiona ikiwa na muhuri. Ikishindikana, hospitali ilete mafundi wakishushe chumba chetu cha kulala. Ni rahisi kushusha chumba kuliko kunishusha mimi.

Nisalimie wauguzi wote, pamoja na wale wanaonipisha. Msalimie daktari wa nusu kaputi. Na yule binti wa lishe, mwambie ale.

Wako ninayekingoja kisu,
Mpima Malori Mstaafu

Baada ya kutia sahihi: Barua ilikuwa tayari, bahasha ziko juu. Nilimwita mke wangu mara tatu, hakuitika. Nikazifuata mwenyewe. Nilipumzika ngazi ya tisa, kisha ya kumi na nne. Mwezi uliopita ya tatu ilinishinda. Sasa nimeketi kwenye kitanda changu, nimevaa miwani, na barua hii nimeisoma upya. Mke wangu ameingia, amenikuta, amesema tu, "Sogea, hapo ni kwangu," kisha ameshuka kuifuata mashine ya pumzi.

Nimebakiza kilo sita. Usifute sharti hata moja. Daraja lililokuwa mbele ya mizani yangu lilikuwa bovu, na madereva waliniandikia barua nzuri kuliko hii. Sikumruhusu hata mmoja kupita na mzigo uliozidi. Walinilaani sana, na wote walivuka salama.