Miguu Yangu ya Alhamisi Kuu

Jumapili, 13 Aprili. Sikukuu ya Matawi.

Padre Nzai ametangaza. Alhamisi Kuu ataosha miguu ya watu kumi na wawili, mmoja kutoka kila jumuiya. Watakaa mbele kabisa, viti vimefunikwa vitambaa vyeupe. Nikajua papo hapo kimoja ni changu. Nani Chaani nzima anasali kwa sauti kunishinda? Padre akaongeza jambo kuhusu kupatana na ndugu kwanza. Sikusikia vizuri, nilikuwa naangalia viti.

Baada ya misa jumuiya yetu imekaa, ikamteua Jacktone. Jacktone! Mwenyekiti, na bado anataka kuoshwa. Mtu niliyetoka naye Butere, tukapanga chumba kimoja, tukala sahani moja, halafu Desemba akagombea uenyekiti akijua nautaka. Tangu hapo sijamsalimu. Mke wangu Rosalia hupitia uani kwenda kumwona Mercyline, mke wa Jacktone. Anadhani sioni.

Jumatatu, 14 Aprili.

Mpango: unyenyekevu wa kuonekana na watu. Nimekwenda kazini pekupeku. Askari wa getini amenizuia, hakuna kuingia yadi ya makontena bila buti. Nikamkumbusha kwamba Musa naye alivua viatu mbele ya Mungu. Akasema Musa hakuwa akipakua kontena.

Nimerudi nyumbani juani, nyayo zinaungua. Hata hivyo nilipita mbele ya kanisa polepole, nikarudi, nikapita tena. Padre hakuwepo. Rosalia amenitoa vijiwe kisiginoni akinung'unika kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Nadhani alimsema Jacktone.

Jumatano, 16 Aprili.

Jacktone amekuja mwenyewe asubuhi. Amesema tangu Desemba hana raha, na yale maneno ya Padre yamemchoma: akaoshwe vipi miguu, naye na ndugu yake hawasemezani? Akaomba nimsamehe. Machozi yalimlengalenga. Akasema kile kiti nikalie mimi, Dishon, na jumuiya imekubali.

Nikamsamehe hapo hapo. Nilipiga magoti, nikasali kwa muda wa kutosha kusonga ugali, mlango wazi, majirani wasikie. Nikamkumbatia. Rosalia alikuwa akijifuta macho kwa leso. Mimi nilikuwa nawaza miguu yangu. Magaga matupu! Ile safari ya pekupeku imeyachanua.

Nikaenda kwa jirani, Bi Mwanasaumu muuza mahamri. Nikamwamkia shikamoo, akaitazama miguu kwanza ndipo akaitikia marahaba. Amesema dawa ya magaga ni hina. Akanikorogea bakuli, nipake visiginoni, nikae saa moja, nioshe. Nikafikiri: ikiwa saa moja inalainisha, alasiri nzima itatakasa. Nikapaka mguu mzima mpaka vifundoni. Nikasinzia.

Jioni.

Miguu ni myekundu. Nimesugua kwa sabuni ya kipande, ndimu, majivu na mchanga. Imezidi kung'aa. Nimemlalamikia Bi Mwanasaumu kwamba hakunionya. Amestaajabu. Wallahi, nani Mombasa asiyejua hina hutia rangi? Nikamwambia sisi Butere hatupaki. Akaniuliza kama naoa.

Alhamisi, 17 Aprili.

Nilivaa soksi nyeusi. Nilikuwa nimepanga kumwambia Padre kwamba nina kidonda, anioshe juu ya soksi. Sikuwahi kufungua mdomo. Padre Nzai alipiga magoti, akavuta soksi, zote mbili. Kisha kina mama wa nyuma wakapiga vigelegele, vya harusi kabisa.

Jacktone ndiye aliyekuwa ameshika taulo. Alilitupa upesi juu ya miguu yangu, akapiga magoti kando ya Padre na kulishikilia pale mpaka vicheko vikaisha. Mpiga picha hakupata hata kidole changu kimoja. Wivu ni kitu kibaya sana.

Padre akaniosha chini ya taulo. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepatana na ndugu yangu. Nikajibu ndiyo, mbele ya mashahidi. Akauliza, na moyoni je? Nikamwambia maji ni baridi.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.

Parokia nzima inamsifu Jacktone. Padre amemtaja kwenye mahubiri: eti kumpisha mwenzio kiti, kisha kumsitiri, huko ndiko kuoshwa kwenyewe. Watu wamepiga makofi. Mimi nilikaa nyuma, nimevaa viatu, na hatimaye nikaelewa yote. Nilikosea tangu mwanzo. Heshima haiko kwenye kiti, iko kwenye taulo. Mwaka ujao nalishika mimi.

Nimechukua kabatini lile la wageni la Rosalia. Jeupe, kubwa kuliko la kanisa.

Alasiri Jacktone na Mercyline wamekuja na kuku wa Pasaka. Nilimsikia Rosalia akicheka kicheko ambacho hakijasikika humu ndani tangu Desemba. Jacktone akaniulizia. Akaketi kibarazani kunisubiri, chai ikapoa, kuku akapoa. Rosalia alikuja kubisha mlango wa chumba. Akabisha tena. Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa ya kulia, akisema rafiki yangu anaondoka.

Sikutoka. Nilikuwa na taulo mkononi, najizoeza kupiga magoti.