Pengo la Mtaa wa Stesheni

Kijiweni kwa Mzee Mgaza, pale Kilosa, tulikuwa wanaume watatu wenye kazi zetu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiifanya. Mimi, Cherehani, nilikuwa nimekalia suruali za watu tangu Idi. Oswald, fundi mwashi, tulimwita Timazi, kwa ule uzi wenye chuma wa kunyooshea ukuta. Uzi wake ulishinda mfukoni. Kornelio alipokea mizigo stesheni, na kwa kuwa habari zake zilikwaruza masikio kutwa nzima, jina lake likawa Redio.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, kila mtu akiwasaka kupe na wanyonyaji. Sisi hatukuwahi kujitazama.

Mtaa wa Stesheni ulikuwa na nyumba za zamani zilizosimama bega kwa bega, vibaraza vyao vikiwa mstari mmoja. Pengo lilikuwa moja tu, pale nyumba ya Ida mkunga ilipolala chini siku mto Mkondoa ulipofurika. Sisi tukaweka benchi la kijiwe juu ya kifusi chake. Asubuhi kivuli cha ukuta huu, jioni cha ukuta ule. Pepo gani nyingine?

Jumatatu hiyo Redio alifika akihema.

"Jamani, tumekwisha! Tangazo limebandikwa bomani. Mapengo yote ya mtaa huu yajengwe, na nyumba mpya ifanane na jirani zake. Asiyepeleka ramani mpaka Ijumaa, kiwanja kinarudi serikalini!"

"Wewe una kiwanja?" aliuliza Mzee Mgaza, akimimina kahawa.

"Sina."

"Sasa umekwishaje?"

"Tutakaa wapi, Mzee?"

Nikakohoa kama mjumbe mkutanoni.

"Ndugu zangu, hili si suala la benchi. Ni suala la historia."

"Historia ya makalio yako," alisema Mzee Mgaza.

Kabla sijajibu, gari moshi la Kimamba lilikuwa limeingia, na Ida huyo anakuja, kikapu mkononi, karatasi imekunjwa kwapani. Akamwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akatugeukia.

"Nimesikia habari ya tangazo. Mimi nyumba ya kuchora sijui iweje. Nishaurini, ninyi mnaoutazama mtaa huu kutwa."

Hapo ndipo tulipoonyesha ubaya wetu. Tulimshauri kwa moyo mmoja, na kila ushauri ulikuwa wa kumkosesha kiwanja.

"Shemeji," alianza Redio, aliyefanya kazi na marehemu mumewe, "ufanane na nani? Hizi ni nyumba za enzi ya mkoloni. Wewe jenga msonge wa nyasi, wa kizalendo!"

"Msonge hapa?" alidakia Timazi. "Tembo watatoka Mikumi waje kuula! Jenga zege tupu, paa bapa, ghorofa mbili, kama niliyoiona Morogoro."

"Ghorofa? Unataka mkunga awe bwanyenye?" aliuliza Redio.

"Atazalishia juu, watoto washuke kwa ngazi!"

"Mnakosea wote," nikasema. "Pengo liachwe. Mtaa ni kama mdomo, na mwanya ni urembo."

"Mwanya ni wa kuzaliwa nao," alisema Mzee Mgaza. "Aliyeng'oka jino ni kibogoyo."

Ida hakucheka.

"Kwa dada yangu Kimamba tunalala tisa chumba kimoja," alisema. "Juzi mke wa mtu hapa mtaani alishikwa na uchungu asubuhi. Gari moshi liliponifikisha, alikuwa ameshajifungua peke yake jikoni. Mungu alisaidia. Je, siku asiposaidia?"

Nikaweka kikombe chini. Ida akaendelea.

"Nina swali dogo tu. Maji yaliibeba nyumba yangu. Hizi mbili, ya kulia na ya kushoto, hayakuzitikisa. Kwa nini?"

Wote tukamtazama Timazi. Nyumba iliyoanguka aliijenga yeye.

"Msingi," alijibu, sauti imekwenda chini kama ya mwanafunzi aliyechelewa. "Wenzako wana msingi wa mawe, kimo cha kiuno. Ndiyo maana nyumba zao zina ngazi tatu mbele. Mimi nilikwambia ngazi ni mbwembwe."

"Uliniambia."

"Nilikuwa nawahi harusi Ruhembe."

"Mwashi mzima!" Redio alifoka. "Nyumba ya mtu kwa ajili ya pilau?"

"Na pilau lenyewe sikulikuta."

Aliinuka. Akautoa ule uzi mfukoni, akaupuliza vumbi, akaenda kwenye ukuta wa jirani. Nasi tukainuka, kwa aibu zaidi kuliko kwa bidii. Mimi nilileta utepe wangu wa kupimia, nikapima kiuno cha nyumba, Mungu wangu, nikakosea, nikarudia. Redio alihesabu nguzo za kibarazani mara tatu, akapata hesabu tatu. Timazi hakutusubiri. Aligusa, akapima, akasema, na Ida akachora.

"Nguzo zako zisimame mstari mmoja na zao. Paa limwage maji mtaani, si kwa jirani, mtagombana. Madirisha membamba, marefu, ya mbao."

"Na mlango wa ubavuni," alisema Ida.

"Hizi hazina mlango wa ubavuni."

"Hizi hazizalishi. Sitaki wajawazito wapite mbele ya midomo hii."

Timazi akafikiri. "Tutauweka nyuma ya kona. Mtaani hautaonekana."

Jumatano nilimkuta Timazi anapandisha mawe kutoka mtoni kwa mkokoteni, peke yake, shati limelowa.

"Ramani haijapigwa muhuri," nikamwambia. "Wakikataa je?"

"Basi mawe yatabaki hapa. Lakini mimi siwezi kubaki hivi, Cherehani."

Nikashika upande wa pili wa mkokoteni.

Ijumaa Ida aliingia bomani saa tatu. Sisi tulingoja nje kama waume mlangoni pa wodi. Redio alikuwa amesahau hata kutangaza. Saa sita Ida akatoka, karatasi mkononi, muhuri wa bluu umekolea.

"Imepita!" Redio alirusha kofia, ikamwangukia karani mmoja.

"Bwana Ardhi aliuliza swali moja tu," alisema Ida. "Aliuliza, hawa watatu uliowachora kibarazani ni akina nani?"

Tukaikwapua karatasi. Kweli bwana! Nyumba imesimama kati ya wenzake kama iliyozaliwa nao, na kibarazani watu watatu, mmoja na utepe shingoni.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia kila nyumba ya mtaa huu ina watu wanaobishana mbele. Nisipowaweka, haitafanana na jirani zake."

Timazi aligeuza uso pembeni, akajidai vumbi limemwingia jichoni. Redio yeye aliisogeza karatasi puani.

"Sasa Shemeji, wenzangu umewachora vizuri. Mbona mimi mdomo uko wazi?"

"Nilingoja uufunge," alisema Ida, "Ijumaa ikafika."