Programu ya Binamu

Jumatatu, 3 Juni
Shule moja, timu mbili za roboti. Moja tu ndiyo itakayokwenda mashindano ya taifa. Yangu! Nahodha wa Timu B ni mimi; Timu A inaongozwa na binamu yangu, ambaye kwa bahati mbaya tunaishi naye nyumba moja. Mchujo ni Ijumaa: roboti isukume mpira, ikate kona, iutie kwenye kikapu cha timu yake. Ya binamu inafika kila mara. Yetu leo imemgonga mwalimu kisigino. Mdogo wangu, anayetuandikia programu, anaomba nimpe muda. Muda! Madola yameanguka yakisubiri muda.

Jumanne, 4 Juni
Mdogo wangu anapima, anasahihisha, anapima tena. Nimemwambia huo si uhandisi, ni ushonaji. Kanijibu kwamba nikishika bisibisi hata siku moja atanisikiliza. Utovu wa nidhamu! Mama naye kadakia: "Mwache mdogo wako afanye kazi. Wewe kazi yako mdomo." Nyumba hii imeshapinduliwa.

Jumatano, 5 Juni
Binamu kaingia kuoga, kompyuta kaiacha wazi. Huoga akiimba. Hajamaliza kiitikio, programu yake yote iko kwenye flashi yangu. Si wizi. Elimu ni mali ya umma! Niliwahi kusema hivyo kwenye mdahalo, nikapigiwa makofi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefuta programu ya mdogo wangu kwenye roboti, nikaweka ya binamu. Kimyakimya. Mdogo wangu kataka jaribio la mwisho. Nimekataa, nimesema roboti ipumzike. Kanitazama kama daktari anayetafuta mshipa.

Ijumaa, 7 Juni
Fedheha! Roboti ilianza kwa madaha. Kisha ikakata kona mapema, ikaenda moja kwa moja kuutia mpira kwenye kikapu cha Timu A. Ukumbi ukalipuka. Binamu akapaza sauti: "Asante kaka, ila hukuwa na haja ya kujisumbua!" Mdogo wangu akapiga magoti, akaikagua, akamweleza mwalimu: programu hii inahesabu mizunguko ya magurudumu makubwa, na yetu ni madogo. Halafu akauliza, kwa upole wa kutisha, ni timu gani yenye magurudumu makubwa. Watu wakamtazama binamu. Kisha wote wakanitazama mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimevuliwa unahodha. Binamu anakwenda taifa, na kamchukua mdogo wangu awe fundi wake. Asubuhi mdogo wangu alirudisha programu yake mwenyewe kutoka kwenye nakala ya akiba. Mpira ukaingia kikapuni mara ya kwanza. Alifuta macho, akafunga kompyuta.

Mama kaniuliza nimejifunza nini. Mengi, nimemjibu, na ni kweli. Jumatatu timu ya shule jirani inakuja kufanya mazoezi kwetu. Nahodha wao, nasikia, kompyuta yake haina nywila. Nikiileta programu yao, unahodha utarudi mbio. Na safari hii sitaenda kama mjinga: nimeshaazima rula.