Marehemu Anataka Kuwa Shujaa

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Sauti ya shujaa iko wazi. Aliyekuwa akimsemea ameoa na kuhamia mbali, na ile katuni ya Kijapani tunayoitia sauti za Kiswahili inaingia msimu mpya bila mhusika mkuu. Bi Mkurugenzi ametukusanya kwenye chumba cha kurekodia, kile chenye magodoro ukutani, akatangaza majaribio Jumamosi.

Mimi hapa studio naitwa Marehemu. Kisa? Kila kipindi nakufa. Mlinzi akipigwa teke, mimi. Jambazi akitupwa dirishani, mimi. Mzee akikanyagwa na zimwi, mimi tena. “Aaa!” “Ugh!” Halafu nyumbani. Tangu nianze kazi sijawahi kusema sentensi yenye kitenzi.

Mpinzani ni mmoja tu: Koo la Asali, anayemsemea rafiki wa shujaa. Sauti nene, kichwa kitupu. Anafunga skafu shingoni hata jua likiwa utosini, na hanywi kitu kisichokuwa na tangawizi.

Kuna sharti. Wenye katuni wamelalamika kwamba wapiganaji wao wamechorwa kutoka mitindo halisi, huyu judo, yule ndondi za Kithai, mwingine upanga wa mwanzi, na sisi wote tunawatilia “Hiyaaa!” ileile. Bi Mkurugenzi sasa anataka mtu anayejua kila mtindo unapumuaje. Koo la Asali anadhani yote ni karate. Mimi pia nilidhani hivyo, lakini sikunyoosha mkono.

Dada yangu, ambaye ninakaa kwake, ametoa hukumu mezani. Nikikosa Jumamosi, Jumatatu naingia dukani kwa shemeji kuuza vigae. Shemeji hakusema kitu. Shemeji huwa hasemi kitu, anaangalia sakafu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na ukumbi wa judo, ule wa juu ya kliniki ya meno. Mwalimu ni mama mfupi, mpana, mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Nikajitambulisha kama mtafiti. Akauliza mtafiti wa nini. Nikasema wa mambo. Akanipa vazi jeupe na mkanda.

Nilikwenda kujifunza kutupa watu. Kumbe judo huanzi kwa kutupa, unaanza kwa kuanguka! Saa nzima nimeanguka. Kulia, kushoto, kinyumenyume. Kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka, pumzi inatoka. Nikauliza zamu yangu ya kutupa ni lini. Mwalimu akanishika ukosi, akanivuta kidogo tu, na mara nikawa natazama dari. Akaeleza kwa upole kwamba mtu anayumbishwa kwanza, nguvu inakuja baadaye. Nikamshukuru nikiwa palepale chini.

Kisha nikamwonyesha vipande vya katuni kwenye simu. Hapo akachangamka! Kumbe ni mpenzi mkubwa wa katuni. Akasimamisha picha, akagusa kioo kwa kidole, akasema nitazame mguu wa nyuma ulivyokaa, mchoraji wa hii alikwenda ukumbini akatazama watu, hakubuni. Nirudi kesho, atanieleza mitindo yote.

Jumatano, 5 Machi

Mwili wote unauma, hata nywele.

Lakini sasa najua! Yule binti wa kwenye katuni anayezunguka maadui kama mtu anayetafuta pa kuegesha gari, huo ni mtindo wa Kichina uitwao bagua. Anatembea duara, viganja wazi, pumzi ndefu na tulivu, kelele hakuna. Jambazi la viwiko na magoti ni muay thai, zile ndondi za Kithai: pumzi fupi, kali, “sh!” kila pigo. Yule anayepigana kama yuko harusini ni capoeira ya Brazili, mwili hautulii na pumzi inafuata muziki. Na mzee wa upanga ni kendo. Hapa nilishangaa. Kwenye kendo ukimpiga mtu bila ukelele, pigo halihesabiwi! Tena unataja unapopiga. Kichwa! Mkono! Ubavu! Kazi iliyoumbiwa watu wa sauti, na mimi sikuambiwa mapema.

Nikafanya mazoezi chumbani. Kiwiko cha muay thai kikapenya mlango wa kabati na kugoma kutoka, mpaka shemeji alipokuja na bisibisi. Akaukagua mlango, akasema mbao hafifu. Hiyo ndiyo hotuba yake ya wiki.

Alhamisi, 6 Machi

Kujua peke yake hakutoshi. Lazima Koo la Asali asijue.

Nimemkuta kwenye chumba cha chai. Nikamvika kilemba cha ukoka. Sauti yako, kaka, ni ya kuzaliwa nayo. Kisha nikainamisha kichwa, nikamwambia mimi nimekata tamaa, na kwa kuwa sisi ni ndugu wa kipaza sauti kimoja, nitamwachia yote niliyojifunza.

Nilidanganya kwa ufundi wa hali ya juu! Nimemwambia kendo ni kimya kabisa, kutaja unapopiga, “Kichwa!” au “Mkono!”, ni marufuku, anayetoa sauti anafukuzwa ukumbini. Muay thai, pumzi ndefu ya mtu anayepoza chai. Bagua, hapo unabweka. Capoeira, unasimama kama nguzo. Uongo mtupu bila visa hauingii, kwa hiyo nikatia na visa. Bingwa mmoja wa upanga alipiga chafya katikati ya fainali akanyang'anywa medali, akafa kwa majonzi. Bingwa huyo nilimbuni palepale, nikampa na mjane.

Koo la Asali akasikiliza mpaka mwisho. Akashusha kikombe, akasema asante sana Marehemu, hujui umenisaidia kiasi gani. Ameingia mzimamzima!

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi kutwa. Bafuni, jikoni, ngazini. Jirani wa chini ametuma mtu kuuliza kama kuna mgonjwa.

Yule mjane amenikaa kichwani. Nimemfikiria sana. Amebaki na nini, maskini? Medali wameichukua, mume hayupo. Hii inaonyesha kipaji changu kilivyo kikubwa, maana nikibuni mtu anabuniwa kweli.

Dada akaniuliza, huku akimenya vitunguu, yule mzee wa upanga anapumuaje. Nikajibu: kimya. Hapana, ukelele. Nilisita kidogo tu. Dada akamtazama shemeji. Shemeji akatoka kwenda kutafuta aproni ya dukani ya saizi yangu. Nimejitia sikuona.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Dada aliagiza shemeji anipeleke kwa gari, ili nikikosa nisipotelee njiani. Shemeji alibeba sanduku la sampuli za vigae, alikuwa na mteja jirani na studio.

Koo la Asali alitangulia. Nikakaa nyuma ya kioo na Bi Mkurugenzi, nimejiandaa kumhurumia. Ikaja picha ya mzee wa upanga. Koo la Asali akapiga ukelele uliotikisa kioo. “Kichwaaa!” Ikaja muay thai, pumzi fupi, kali, moja kwa kila kiwiko. Bagua, kaupepo katulivu. Capoeira, alikuwa akiyumba mwenyewe mbele ya kipaza sauti, skafu inapepea. Bi Mkurugenzi alikuwa anatikisa kichwa kwa raha kama mtu aliyepata viatu vya saizi yake.

Nikamwahi mlangoni, nikamuuliza kajifunza wapi. Akasema kwako. Ananifahamu miaka mingi, akasema, kwa hiyo alichukua kila nilichomwambia akakigeuza. Capoeira peke yake ndiyo ilimpa tabu. Hakuwa na hakika kinyume cha nguzo ni nini, akabahatisha mcheza muziki.

Zamu yangu. Woga sikuwa nao, hilo nataka lieleweke. Ila mzee alipoinua upanga, mbele ya macho yangu akatokea yule mjane, na mimi nikanyamaza. Kwa heshima. Pigo la kwanza likapita kimya, la pili likapita kimya. Bi Mkurugenzi akauliza kwenye spika kama kipaza sauti kimeharibika. Ikaja bagua, nikabweka. Nilijisikia nikibweka na sikuweza kuacha. Uongo wangu ulikuwa umelala vizuri kichwani, ukweli hata pa kukaa haukupata.

Nikaona niokoe jahazi kwa vitendo. Nikarusha teke la nyuma. Ni la karate, na nililijua kwa kulitazama tu. Likagonga mlango, mlango ukafunguka kwa kishindo, na nje yake alikuwa amesimama shemeji na sanduku lake. Vigae vyote vikamshukia mguuni.

Shemeji alitoa sauti. Sijui niielezeje. Ilianza chini kabisa, ikapanda ikikusanya uchungu njiani, ikakaa juu kwa muda, kisha ikashuka taratibu na kuishia kwenye “jamani” ndogo ya kusikitisha. Kipaza sauti kilikuwa wazi.

Nyuma ya kioo Bi Mkurugenzi alikuwa amesimama wima. Akataka ichezwe tena. Wakaisikiliza, Koo la Asali ameshika skafu kifuani kama yuko msibani. Bi Mkurugenzi akasema hiyo ndiyo pumzi anayoitafuta tangu msimu wa kwanza: mtu aliyeumia kweli.

Matokeo: sauti ya shujaa, Koo la Asali. Kupigwa, kutupwa na kufa, shemeji.

Nimeporwa hata kifo changu!

Jumapili, 9 Machi

Sikutoka chumbani mpaka mchana. Nimelia, naandika bila aibu. Niliipenda kazi ile. Niliyapenda yale magodoro ukutani, taa nyekundu ikiwaka, kila mtu kimya ananisubiri mimi nife. Dukani nani atanisubiri?

Dada akaja na chai. Alikaa kitandani, akanipapasa mgongo, akaniambia pole mdogo wangu. Nikadhani hukumu imefutwa. Akasema sasa kwa kuwa shemeji atakuwa studio asubuhi zote, mimi si msaidizi tena, duka zima ni langu. Na aproni imepatikana.

Jumatatu, 10 Machi

Duka la vigae. Vigae mbele, vigae nyuma, vigae mpaka chooni.

Mteja wa kwanza alitaka vya sakafu ya bafu. Nikampa vinavyong'aa zaidi, maana mtu akiingia bafuni afurahi. Alipovijaribu kwa kiatu chenye maji, akateleza. Alianguka vibaya sana! Mkono haukupiga sakafu, kidevu juu, pumzi kaibana. Nikamweleza makosa yake yote akiwa bado chini. Ameondoka bila kununua, tena kwa matusi. Watu hawapendi kuelimishwa.

Jioni shemeji akarudi na bandeji mguuni, anapiga mluzi. Leo ametupwa kutoka kwenye mnara. Wamempigia makofi. Nikampa pongezi huku nimeuma meno.

Alhamisi, 13 Machi

Mambo yamegeuka! Nitarudi studio.

Leo asubuhi, kabla sijafungua duka, Dada ameropoka. Kumbe kila ninachomshauri shemeji kuhusu mapigo (na nimemshauri mengi wiki hii, yote ya uongo, kwa ajili ya maendeleo yangu), yeye anampitia Koo la Asali, wanakigeuza pamoja, ndipo anaingia kurekodi. Wanacheka sana, Dada kasema. Nilikasirika mpaka nikauza kigae kilichovunjika.

Kisha, nikiwa katikati ya kupanga maboksi, akili ikawaka. Kama wanageuza kila nikisemacho, dawa ni moja. Nimwambie ukweli! Wakiugeuza, utakuwa uongo, na mtu atajichimbia kaburi mwenyewe.

Jioni shemeji akanijia kwa adabu zote. Kesho kuna tukio kubwa, anapigwa kwa aikido, anasokotwa kiganja na kurushwa. Mtu wa namna hiyo anapumuaje? Nikamwambia ukweli mtupu, kama mwalimu wa judo alivyonieleza. Hashindani na msokoto, anaufuata, anabingirika nao, na pumzi inatoka yenyewe anapogusa chini. Ili asinishuku nikamshika kiganja nikamsokota kidogo, akaenda chini kwenye zulia, na ile sauti yake ikatoka, nzuri kuliko ya Jumamosi. Hata mimi nywele zilinisimama.

Akainuka amejaa furaha. Akanikumbatia, shemeji huyuhuyu asiyesema! Akasema ameuona mtindo kwa macho yake na kuusikia mwilini, kwa hiyo kesho hata kwa Koo la Asali hapitii, anakwenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti kufanya hivyohivyo nilivyomwonyesha.

Maskini, hajui kinachomsubiri. Nimeikunja aproni, nimechaji simu, nimemeza yai bichi kwa ajili ya koo. Bi Mkurugenzi akipiga kesho, nisipokee mlio wa kwanza.