Kitenzi Kimoja Kinatosha

Jumatatu, 5 Machi 1951

Mkalimani wa mahakama ya wilaya amestaafu. Meno yamemwisha, hakimu hamwelewi tena. Nafasi iko wazi! Hakimu mwenyewe ni Mwingereza mgeni, Kiswahili chake kinaishia kwenye "lete chai". Tunaoitaka kazi ni wawili tu: mimi, Anselm Mahona, na Dionis, aliyesoma seminari ya Kipalapala akaishia njiani. Dionis anajua Kiingereza kingi. Kingi mno. Kwa neno moja ana visawe vitano, anavitafuna njiani kama karanga.

Mimi nimepata njia ya mkato. Leo nilisimama chini ya dirisha la hakimu, nikasikiliza. Mlango ubaki wazi: "keep". Watu wanyamaze: "keep". Mbwa asiingie ndani: "keep". Kitenzi kimoja! Mengine ya nini?

Jumanne, 6 Machi

Usaili ulikuwa asubuhi. Dionis nilimwambia ni alasiri. Dhambi ndogo.

Hakimu aliniuliza kama nitatunza siri za mahakama. "I keep, sir." Kama nitafika kwa wakati. "I keep, sir." Akatabasamu, akanipa kazi kwa majaribio!

Alasiri Dionis akaja amevaa tai, akakuta nafasi imejaa. Hakunitukana. Alisema tu kwamba atakuwa anakuja kukaa nyuma kusikiliza kesi. Ana maana gani? Bi Batuli, mwenye nyumba yangu hapa Kanyenye, amepika wali na kuku. Anasema sasa nitaacha kuvaa kandambili.

Jumatano, 7 Machi

Kesi yangu ya kwanza. Mshitakiwa ni Mzee Lugembe wa Ipuli, mfugaji, mtu mpole. Aliyemshitaki ni Shilinde, askari wa zamani aliyepigana Burma na bado anavaa koti la kaki jua likiwaka. Anasema Lugembe ameiba ng'ombe wa marehemu kaka yake. Mjane wa marehemu, Koleta, hayupo. Yuko Bukene anamwuguza dada yake.

Lugembe akasema, "Ng'ombe wa Koleta ninawafuga mimi. Aliniomba mwenyewe."

Kufuga! Nalijua! Nikasimama wima nikasema anasema "I keep Koleta's cows". Hakimu akainua nyusi. Akauliza kama anakusudia kuendelea na hiyo "keep". Nikamwuliza mzee kama ataendelea kuwafuga.

"Hata mpaka nife," akajibu kwa furaha, "akitaka mwenyewe."

"Until I die, sir." Hilo la mwisho nililiacha. Pumzi ilikuwa imekwisha.

Hakimu akaandika kwa nguvu hadi nibu ya kalamu ikakwaruza karatasi. Mzee awekwe mahabusu, hukumu Ijumaa. Askari walipomshika, Lugembe alinigeukia. "Ahsante, mwanangu. Umenisemea vizuri."



Alhamisi, 8 Machi

Dionis kanisimamisha sokoni. Anasema kwa masikio ya Mwingereza, mzee alikiri kwamba ng'ombe amejichukulia na hawarudishi mpaka kaburini. Nikamwambia wivu utamuua.

Nikakimbia nyumbani kufungua kamusi. "Keep": weka. Tunza. Fuga. Zuia. Endelea. Kaa na kitu usikirudishe.

Usikirudishe! Nikakaa kitandani.

Kwenda kwa hakimu kueleza? Kazi yenyewe ndiyo kwanza ina siku mbili! Hapana. Kuna njia safi zaidi: mzee mwenyewe abadilishe neno. Nikabeba uji wa Bi Batuli hadi mahabusu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamnong'oneza kwamba kesho asiseme "ninafuga", aseme "ninatunza".

Akaniangalia. "Kufuga kumekuwa kosa lini?"

Nikasema ni mambo ya Kiingereza tu. Akasema yeye atasema alichofanya. Kisha akauliza kama atatoka kesho, kwa sababu mkewe yuko peke yake na magugu yanameza mahindi. Nikamwambia bila shaka. Mdomo wangu ndio ulisema hivyo.

Jioni nimeandika kiganjani kwa wino maneno mengine ya kufuga: rear, tend, look after. Kesho nitapenyeza. Hakuna atakayejua.

Ijumaa, 9 Machi

Mungu wangu.

Koleta ameshuka na treni alfajiri, akaja mahakamani moja kwa moja, vumbi la safari bado miguuni. Akaomba kusema. Nikafurahi! Nikafungua kiganja. Jasho! Wino umekuwa doa jeusi.

"Nilimwomba Lugembe anifugie ng'ombe," Koleta akasema. "Nataka aendelee kunifugia."

Hakimu ananitazama. Watu wananitazama. Kichwa kitupu. Likatoka lilelile: alimwomba "keep", anataka aendelee "keep".

Uso wa hakimu ukafunguka. Kumbe alipewa! Basi si mwizi. Lugembe huru, "he may keep them". Nikatangaza kwa sauti: aendelee kuwafuga! Koleta akapiga vigelegele. Lugembe akapiga makofi ya heshima. Nami nikavuta pumzi ya kwanza tangu jana.

Ndipo Shilinde akaruka. Kumbe Burma alijifunza Kiingereza! "Shemeji, umeibiwa mchana! Hakimu amesema ng'ombe ni mali ya Lugembe!"

Vigelegele vikakatika. Lugembe akanishika mkono. "Mwambie si wangu. Mwambie haraka."

Nikasema, "Sir, he does not keep."

Hakimu akawa mwekundu. Hana ng'ombe? Basi amewauza? Askari akamkamata tena mzee begani. Koleta akaanza kulia.

Kiti kikalia nyuma. Dionis. Hakupaza sauti. Akaeleza kwamba mzee huwalisha na kuwachunga kwa niaba ya mwenyewe, na mwenyewe ni yule mama. Sentensi mbili! Hakimu akafuta alichoandika. Ng'ombe wa Koleta, mchungaji ni Lugembe, Shilinde aende zake. Mzee akakaa sakafuni.

Kisha hakimu akanionyesha mlango. Kiingereza hicho nilikielewa chote. Dionis anaanza kesho.

Jumapili, 11 Machi

Baada ya misa nimekutana na Mzee Lugembe. Nikamwamkia. Akasema, "Mwanangu, siku nyingine ukiwa hujui, nyamaza. Nililala na kunguni kwa ajili ya neno lako." Akaenda zake shambani.

Shukrani ya namna hiyo! Nani aliyempelekea uji? Kosa si langu. Kosa ni la kitenzi. Nilichagua kibaya.

Bi Batuli ameleta habari njema. Amekuja daktari mpya, Mzungu, hajui Kiswahili hata kidogo, anatafuta mtu wa kusema na wagonjwa. Nimekwisha kwenda kumwona. Nilisikiliza mlangoni: kunywa dawa, "take". Kuvua shati, "take". Kupima joto, kutoa damu, kuvuta pumzi, hata kukata mguu, "take", "take", "take"!

Kimoja tu, kinafanya yote. Nimekubaliwa. Kesho asubuhi naanza, na foleni ya wagonjwa tayari imefika barabarani.