Mpingo Kwenye Beseni

Idara ya Utambuzi wa Mbao iliutangazia umma, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili kamili asubuhi hakuna mwananchi atakayebahatisha tena. Mbao ni kile kinachoelea. Kisichoelea si mbao, na karakana itakayokutwa nacho itafungwa mpaka kijulikane ni nini.

Ndivyo ilivyotiwa kufuli karakana ya Mama Randa, fundi wa filimbi. Alikuwa na oda ya filimbi arobaini za shule, zote za mpingo, na mpingo, kama ajuavyo kila aliyewahi kuvunja msumeno juu yake, huzama. Oda ikichelewa, inakwenda kwa wauza filimbi za plastiki. Siku ya nne akajifunga kibwebwe, akabeba kipande chake cha mpingo mpaka idarani.

Chumba cha vipimo kilikuwa na karani, jiko, beseni la bluu, picha ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi mwenyewe, kwa kuwa jambo zito kama hili haliachiwi mtu wa chini. Akakitumbukiza kile kipande. Kikashuka moja kwa moja: ko!

"Jiwe," akasema. Karani akaandika.

"Mzee, huu mti niliukata mwenyewe. Ulikuwa na majani!"

"Majani hayamo kwenye fomu, mama."

"Basi uchome. Umeona wapi jiwe likawaka?"

Hoja ikaheshimiwa. Kipande kikafutwa maji, kikatiwa jikoni, kikawaka moto si wa mchezo, hata karani akalegeza tai. Mkurugenzi akatafakari. Kimezama, kwa hiyo si mbao. Kimewaka, kwa hiyo si jiwe la hivi hivi. Akaandika hati kwa mkono wake na kuigonga mihuri miwili: makaa ya mawe.

Mama Randa aliisoma, akataka kulia, akajikuta anacheka.

"Kwa hiyo idara ya mbao haina lake hapo?"

"Hata kidogo. Makaa ni ya Idara ya Madini. Nao chini ya gunia moja hawasumbui mtu."

"Na ile kufuli yako mlangoni kwangu?"

Karani akakohoa. Kanuni ni kanuni. Kufuli ikatolewa kabla ya saa sita.

Wiki iliyofuata Idara ya Madini ilikamata kwenye kizuizi cha barabarani malori mawili ya magogo ya mpingo, makaa yasiyo na kibali. Yalitoka kwenye karakana zilizofungwa, na Mkurugenzi alikuwa akiyapeleka kwake, kwa usalama wa taifa.

Alifika kwa Mama Randa anahema, bila dereva.

"Dada yangu," akasema, "njoo uwaambie ule ni mti. Wewe ndiye fundi, watakuamini."

Mama Randa alikuwa kwenye filimbi ya thelathini na tisa. Akaipuliza vumbi. Alimwonea huruma kidogo, lakini si ya kumtoa kwenye kiti.

"Ningekuja, kaka. Ila kwa hati yako mimi ni mtu wa makaa. Mambo ya miti nitayajulia wapi?"

Waliopita kwenye kizuizi kile jioni ile walimkuta Mkurugenzi amepiga magoti mbele ya maafisa wa madini, suti imelowa mpaka mabegani, mikono yote miwili imezama ndani ya beseni lake la bluu, chini ya kipande cha mpingo, akiapa kwamba kinaelea.

"Mzee," afisa mmoja akamwambia kwa heshima zote, "sasa toa mikono."